Kifusi kikigoma: dalili na vyanzo kwa wanaosaga mabaki ya bomoabomoa Mwanza

Nyumba ikishapigwa alama ya X na tingatinga likapita, kinachobaki hapa Mwanza kina njia mbili. Ama kinapakiwa kwenye tipa na kumwagwa usiku bondeni, mara nyingi kando ya mto Mirongo au kwenye mtaro wowote usio na mlinzi, na masika yakifika maji yanakosa pa kupita na kuingia majumbani mwa watu wa Mabatini. Ama kinasagwa na kurudi kazini: kokoto za zege la mitaro, tofali za pevingi, tabaka la chini la barabara ya mtaa. Njia hii ya pili ndiyo nimeihangaikia kwa miaka kadhaa pamoja na vikundi vya vijana na akina mama wa Nyamagana na Ilemela, na naiamini. Ila naiona ikipoteza sifa kwa makosa yale yale. Pevingi zikianza kumomonyoka mbele ya ofisi ya mtaa, kila mhandisi anayepita hapo anaondoka na neno moja tu kichwani: kifusi ni uchafu.

Nawaandikia wenye kazi iliyokwisha kuharibika, au inayoelekea huko. Tafuta dalili uliyonayo uanzie hapo. Lakini kabla hujagusa chochote, uliza swali moja: kifusi hiki kilitoka kwenye jengo gani, na nani alikuwepo likibomolewa? Karibu magonjwa yote nitakayoyataja huonekana kwenye krasha (mashine ya kusagia), kwenye toroli au barabarani, lakini yaliingia siku ya kubomoa, pale dari, bafu, msingi na udongo wa uani vilipokombwa na koleo moja la tingatinga. Kama hakuna anayejua kilikotoka, usijisumbue kukipima kwa ajili ya zege. Kipeleke kwenye kujaza mashimo na kazi nyingine zisizobeba kitu.

Zege linakauka likiwa bado kwenye toroli

Hii ndiyo dalili ninayoitiwa mara nyingi kuliko zote. Fundi anachanganya, zege linaonekana zuri, na dakika kumi baadaye limekuwa gumu kama ugali uliolala. Anachofanya kila fundi ni kuongeza maji. Linalainika, analimwaga, anasawazisha, siku inaisha. Baada ya mwezi uso wa mtaro unatoa unga ukiupitishia kiganja.

Chanzo ni kiu ya kokoto. Kokoto ya graniti ya milima yetu hunywa maji kidogo sana, asilimia 1 ya uzito wake au pungufu. Kokoto iliyotoka kwenye zege kuukuu imebeba ganda la mota ya zamani, na ganda hilo lina vitundu vingi. Kokoto ya namna hiyo hunywa asilimia 3 hadi 8. Tofali la kuchoma ni balaa zaidi, hunywa 10 hadi 20.

Piga hesabu ya mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Boksi la kupimia linalolingana na mfuko huchukua lita 35, kwa hiyo maboksi manne ya kokoto ni lita 140, ambazo kwa kokoto za kifusi ni kama kilo 180. Zikinywa asilimia 5 tu, zimekunywa lita 9. Mfuko huo ulihitaji maji ya lita 27 hivi. Theluthi ya maji yako imeingia ndani ya kokoto, na sehemu kubwa iliingia katika dakika za kwanza tu, wakati unasukuma toroli. Fundi hakukosea kuona zege limekauka. Alikosea tiba, kwa sababu maji anayoongeza baadaye hayaendi kwenye kokoto peke yake, yanaingia pia kwenye uji wa saruji na kuupunguzia nguvu.

Tiba ni kuinywesha kokoto kabla. Jioni mwagia rundo maji mpaka yatiririke chini, funika kwa turubai, asubuhi lifunue. Kokoto iliyo tayari ni ya rangi ya giza, ina ubaridi mkononi, lakini haing'ai maji. Ikiwa inang'aa, iache ipepewe kwanza, la sivyo unaingiza maji ambayo hukuyahesabu.

Unataka kujua yako inakunywa kiasi gani? Chukua kilo 10 za kokoto zilizokauka juani siku mbili. Ziloweke siku nzima, zitoe, zifute kwa kitambaa, zipime tena kwenye mizani ya dukani. Zikiwa kilo 10.5, ni asilimia 5. Mimi nikikuta zaidi ya 8 sizitumii kwenye zege, nazipeleka barabarani.

Na kama zege lenyewe lina nondo na linabeba kitu, yaani nguzo, mkanda au jamvi la daraja, kokoto za kifusi pekee zisiingie hapo. Waingereza, waliolifanya jambo hili kwa muda mrefu na maabara zao zote, kanuni zao za zege huweka ukomo wa kawaida wa asilimia 20 ya kokoto kubwa. Sisi tunaopima kwa mizani ya dukani hatuna sababu ya kuwapita.

Pevingi na mawe ya kingo yanamomonyoka pembe

Ukivunja pembe kwa vidole, angalia ndani kabla ya kumlaumu aliyechanganya saruji. Utakuta moja kati ya mambo matatu.

Ukiona vipande vyekundu, ni tofali za kuchoma. Nyumba zetu nyingi zina kuta za tofali hizo zilizopigwa plasta ya saruji, na zikisagwa na plasta yake zinafanana na zege mpaka zilowe. Jaribio ni la msumari: kwaruza kipande. Graniti haitikisiki, zege zuri linaacha mstari hafifu, tofali la kuchoma linachimbika. Mama mmoja anayeponda kokoto Igogo alinifundisha njia ya haraka kuliko hiyo. Alichukua nyundo yake akagonga kokoto mbili mfululizo, ya mlimani na ya kifusi, kisha akaniambia, "Mwanangu, sikiliza, hii inalia, hii haijibu." Tangu siku hiyo nikifika kwenye rundo geni nagonga kwanza.

Ukiona uji wa kijivu mwingi na kokoto chache, ni vumbi. Krasha ikisaga zege kuukuu hutoa chenga nyingi, na vikundi hupenda kuzitumia badala ya mchanga kwa kuwa ni za bure. Nusu ya mchanga inaweza kubadilishwa, si wote. Pima kwa chupa ya plastiki ya maji: jaza chenga mpaka nusu, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, iache saa tatu. Tope lililokaa juu likizidi sehemu 1 kwa 10 ya kilicho chini, zichekeche au zioshe.

Ukiona ndani pamekauka, pana rangi nyeupe iliyofifia na hapana kosa lolote, basi pevingi haikumwagiliwa. Jua la Agosti na upepo wa ziwani hukausha tofali kwa nusu siku. Siku saba za kumwagilia, asubuhi na jioni, chini ya magunia, ni lazima kwa zege lolote, na hili lenye kiu zaidi ya jingine.

Njia imevimba, au pevingi zimeinuka kama mgongo wa kobe

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Tulijenga njia ya waenda kwa miguu kando ya zahanati, mita mia na kitu. Tabaka la chini lilikuwa kifusi kilichosagwa, lilishindiliwa vizuri, pevingi zikapangwa juu. Ilipendeza. Vuli ya kwanza ikapita salama. Masika yalipokuja pevingi zilianza kuinuka katikati, safu mbili tatu, kidogo kidogo, mpaka mama mmoja aliyebeba mtoto akajikwaa pale. Tukadhani ni mizizi, na mti wa karibu ulikuwa ng'ambo ya barabara. Tukadhani ni mfinyanzi chini, tukachimba, udongo ulikuwa luseni, mchanga mtupu usiovimba. Kilichovimba ni tabaka letu wenyewe.

Lilikuwa na jipsamu. Tipa tatu kati ya zile tulizopokea zilitoka kwenye jengo la ofisi lenye dari na kuta za kugawia vyumba za jipsamu. Nilizipokea mimi. Niliona vipande vyeupe, nikasema ni chokaa ya plasta, nikaruhusu zimwagwe.

Jipsamu ni salfeti ya kalsiamu. Ikilowa, salfeti yake inakutana na madini ya aluminiamu yaliyomo kwenye saruji, hata ile kuukuu iliyoganda kwenye kokoto, na kwa pamoja vinajenga fuwele mpya zinazohitaji nafasi kubwa kuliko vilipotoka. Maji ndiyo yanayoendesha kazi hiyo, ndiyo maana kiangazi kizima hutaona kitu. Na haiishi kwa wiki. Ukisawazisha ukarudisha pevingi zile zile juu ya tabaka lile lile, msimu ujao zitainuka tena. Dawa niliyoikuta ni moja, nayo ni ghali: kung'oa, kutoa tabaka lote na kuweka jingine. Tulifanya hivyo kwa nguvu zetu.

Siku hizi hakuna rundo linalopita kwangu bila kipimo cha ukucha na ndimu. Chukua bonge jeupe. Likwaruze kwa ukucha. Jipsamu ni laini kuliko ukucha, inaacha mfereji na unga kidoleni. Kisha kamulia ndimu juu ya mfereji huo. Plasta ya chokaa au ya saruji itatoa viputo vidogo, weka sikio utavisikia vikichemka. Jipsamu safi inanyamaza. Bonge linalokwaruzika kwa ukucha na kunyamaza kwa ndimu, lote likae pembeni. Kipimo hiki hakitakupa asilimia, ila kitakuambia kama uite maabara au urudishe tipa.

Si kila uvimbe ni jipsamu. Kama eneo lako liko bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kunata masika, chimba chini ya tabaka kwanza. Udongo ule huvimba wenyewe, na hata ungeweka graniti ya mlima mzima juu yake ungeinuka. Utofautishe hivi: mbuga huinua eneo pana na kushuka tena kiangazi, jipsamu huinua mabonge ya hapa na pale, na yakishainuka hayarudi.

Rola inapita, tabaka halishiki

Dereva wa rola analalamika kwamba kokoto zinakimbia mbele ya gurudumu. Mara nyingi kifusi kimechekechwa kupita kiasi: kimebaki saizi moja, hakina chenga za kujaza mapengo. Barabara hutaka mchanganyiko wa saizi zote, kuanzia kokoto ya milimita 40 hivi mpaka unga. Rudisha chenga ulizozitoa.

Kama saizi zipo na bado halishiki, ni maji. Kiu ile ile ya kwenye zege inafanya kazi hapa pia. Graniti iliyosagwa hushindiliwa vizuri na unyevu wa asilimia 5 hadi 7. Kifusi cha zege hutaka kama 8 hadi 12. Boza lililotosha kwenye kazi ya jana halitatosha leo. Finya konzi ya kifusi: kishikamane, kisichuruzike. Unene nao usizidi sentimita 15 kwa tabaka baada ya kushindilia, na jiwe kubwa kuliko yote lisizidi nusu ya unene huo.

Usikubali kuambiwa "limeshika" kwa macho. Wahandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wanayo DCP, fimbo ya chuma yenye ncha ya nyuzi 60 inayopigwa na nyundo ya kilo 8 kutoka kimo cha milimita 575. Waombe waje nayo. Ikizama milimita 10 kwa pigo, uimara wake ni kama CBR 26, CBR ikiwa ni kipimo cha uwezo wa tabaka kubeba mzigo. Ikizama 15, ni kama 17. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 huita vifaa vya changarawe kwa herufi G na namba hiyo ya CBR, G7, G15, G25, G45 na kuendelea, kwa hiyo utapata papo hapo makadirio ya tabaka ambalo kifusi chako kinastahili. Ukipeleka namba hizo mkononi kwenye kikao cha mradi, mazungumzo yanabadilika.

Krasha inakwama au taya zinakatika meno

Nondo. Na baada ya nondo, waya wa kufungia, mbao na vipande vya mabomba. Zege likatwe kwa nyundo kubwa na nondo zitolewe pale pale linapobomolewa. Wanunuzi wa vyuma chakavu watakuja wenyewe, na mara nyingi fedha hiyo inalipa mafuta ya krasha. Ila nondo iliyonyooshwa kwa nyundo isirudi kwenye nguzo wala mkanda wa jengo.

Jambo jingine kuhusu krasha: msingi wa nyumba ya Mwanza ni mawe ya graniti, tena makubwa, yaliyochongwa na mtu kwa jasho. Nimeona vikundi vikiyatupia kwenye taya pamoja na tofali bovu. Yatenge. Gonga mota, yaoshe, yajenge ukuta wa kuzuia udongo kwenye miinuko, au yajaze kwenye vizimba vya waya kandokando ya makorongo. Jiwe zima lina thamani kuliko kokoto utakazopata kutoka kwake.

Wafanyakazi wanakohoa

Simamisha kazi. Vumbi la graniti na zege lina silika, ambayo ikishaingia ndani ya mapafu haitoki, na makovu yake hayana tiba. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi lile laini lisiloonekana. Lowesha kifusi kabla hakijaingia kwenye taya na weka bomba la kunyunyiza pale kinapotokea. Maji haya ndiyo kinga ya kwanza, barakoa ya kuchuja vumbi iwe ya pili. Akina mama wanaoponda kwa nyundo na watoto mgongoni wapewe nafasi upande ule upepo unakotokea, mbali na krasha.

Ukikuta mabati ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yanayovunjika kama kigae na kuonyesha nyuzi nyuzi kwenye ukingo, usiyaguse, usiyasage, usiyavunje ili yaenee kwenye tipa. Huenda ni asbesto. Nyuzi zake huleta saratani ya utando wa mapafu miaka mingi baada ya mtu kuzivuta. Yaloweshe, yafunike, watu wakae mbali, uwaite NEMC, baraza la mazingira, au OSHA, wakala wa usalama na afya kazini.

Ukoko mweupe kwenye mdomo wa mtaro

Miezi michache baada ya kazi, kwenye matundu ya kutolea maji panaota ukoko mweupe mgumu, na maji yanaanza kupita kwa shida. Wengi hudhani ni chumvi ya ziwa, na maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi ya kufanya hivyo. Ni chokaa iliyoyeyuka kutoka kwenye kifusi. Maji yakipita ndani ya zege lililosagwa yanabeba kalsiamu, yakifika hewani yanakutana na hewa ya ukaa na kuganda kuwa chokaa tena. Kitambaa cha kuchujia kilichozungushiwa bomba huziba kabisa.

Kwa hiyo kokoto za kuzunguka mabomba na matundu ya mifereji ziwe za mlimani, si za kifusi. Kama zimeshawekwa, ng'oa mdomo wa bomba tu, mita moja hivi, weka graniti, na uache mahali pa kufungulia ili pasafishwe kila mwaka kabla ya vuli.

Maji hayo hayo yana ukali wa kiwango cha pH 11 au 12 wakati kifusi bado ni kipya, wakati maji ya ziwa yako karibu na 8. Yakiingia kwenye maji ya kina kifupi ya ufukweni, ambako sato huchimba viota vyake, yanaumiza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na rundo la kifusi linalosubiri kusagwa nalihesabu humo, hata likikaa wiki mbili. Kikundi kilichoko Kirumba au Igombe chenye uwanja karibu na maji kihamishe rundo kwanza, kichimbe mfereji mdogo kulizunguka, na maji yake yaishie kwenye shimo la mchanga yanywewe na ardhi. Baada ya mvua kubwa ya kwanza nenda ukaangalie shimo hilo. Ukikuta limejaa maziwa meupe mpaka ukingoni, lipanue siku hiyo hiyo, kabla mvua ya pili haijanyesha.